Mnazi ukishashuka kooni unaenda wapi? Maswali yenu ya hapa Malindi

Swali: Pombe inasagwa tumboni kama chakula?

Hapana. Ugali na samaki lazima visagwe mpaka vilainike, pombe haina haja na kazi yote hio, chembe zake ni ndogo sana zinapenya zenyewe tu kwenye kuta mpaka kwenye damu. Tumbo lenyewe linapitisha kidogo, kama asilimia 20 ivi, iliobaki karibu yote inaingilia utumbo mdogo, ule una mita kama 6 na ndani umejaa vinyweleo kama zulia, vinafyonza.

Swali: Mbona nikinywa kabla ya kula nalewa mbio?

Hili ndo linaniuma sana. Mvuvi amekesha baharini, tumboni hana kitu ila chai ya rangi ya jana, akishauza samaki huyo anapitia mangwe, pale panapouzwa mnazi. Sasa, kutoka tumboni kuingia utumbo mdogo kuna kilango, kukiwa na chakula kinabana ili kisagwe kwanza, na pombe inangojea humo humo inatoka kidogo kidogo. Tumbo tupu kilango ki wazi, mnazi unateremka wote na damu inaupokea wote kwa mpigo. Nimemuona mmoja mikono bado ina magamba, chupa ya pili hajamaliza na hawezi tena kuhesabu pesa zake za samaki, ameziacha juu ya meza. Jamani kuleni kwanza, hata viazi karai ama mahamri na mbaazi, pombe ni ile ile lakini itaingia polepole.

Swali: Mnazi wa asubuhi si hauna nguvu?

Unazo kidogo, lakini unaendelea kuchacha ndani ya dumu, ukifika jioni si ule tena.

Swali: Kahawa chungu na maji baridi si huondoa?

Haviondoi. Kazi ni ya ini na ini lina mwendo wake, gramu 7 mpaka 10 za pombe kwa saa kwa watu wengi, huwezi kuliharakisha. Kahawa inakutoa usingizi tu, unajiona sawa unapanda bodaboda na bado umelewa.

Swali: Mtu akizima tumtapishe?

Msimtapishe wala msimpe kitu mdomoni. Mlazeni kwa ubavu akitapika yasimpalie, na mtu akae naye, mana pombe iliobaki tumboni bado inaingia kwenye damu ijapokuwa amelala. Pumzi zikikatika katika, ama mwili ukiwa baridi, ama mkimwita haamki, hospitali saa io io.