Harufu ya vichaka vya Languedoc ndani ya mvinyo

Kaskazini mwa mji wa Montpellier, katika eneo la Languedoc kusini mwa Ufaransa, chini ya mlima Pic Saint-Loup wenye urefu wa mita 658, mizabibu imezungukwa na vichaka vinavyoitwa garigi. Hapo awali palikuwa na msitu wa mialoni. Shoka, moto na kondoo wa karne nyingi wameacha mawe ya chokaa, rozimeri, thaimu na mireteni. Fikicha tawi la thaimu wakati wa jua kali na mafuta yake yatakuganda viganjani. Ukinusa Syrah ya huko, mvinyo mwekundu wa zabibu za jina hilohilo, unakutana na kitu cha ukoo huohuo, ndiyo maana wateja huniuliza kama kichaka kimeingia kwenye chupa.

Kwa maoni yangu kimeingia kidogo tu. Ushahidi mzuri tunao kutoka Australia, ambako mashamba mengi yamepakana na mikaratusi. Watafiti walipima sineoli, ile harufu kali ya mkaratusi, wakakuta zabibu za mistari iliyo karibu na miti zina nyingi zaidi. Upepo huipeperusha, nta ya ganda la zabibu ikainasa. Ila kilichochangia zaidi ni majani na magome yaliyodondokea mizabibu na kuvunwa pamoja na matunda. Mvinyo mwekundu ndio unaoathirika hasa, kwa sababu huchachuka pamoja na maganda. Rozimeri nayo ina sineoli, lakini ni kichaka kifupi, majani yake hayadondokei mizabibu kama ya mti mrefu.

Sehemu kubwa ya ule ukali wa viungo unaonusika kwenye Syrah huzaliwa ndani ya zabibu yenyewe. Mwaka 2008 watafiti wa Australia walitambua kemikali iitwayo rotundoni katika Syrah: ndiyo inayoipa pilipili manga harufu yake, na imo pia kwenye rozimeri na thaimu. Jina lake limetokana na ndago, gugu lilelile linalowasumbua wakulima wetu, ambalo jina lake la kisayansi ni Cyperus rotundus. Mzabibu hutengeneza rotundoni kwenye ganda la zabibu, hasa msimu ukiwa wa baridi. Nanogramu 16 kwa lita zinatosha kunusika kwenye mvinyo mwekundu, lakini takriban mtu mmoja kati ya watano hainusi hata ikiwa nyingi. Kwa hiyo siandiki maelezo ya Syrah yoyote kabla mwenzangu hajaionja.