Taifodi "isiyoisha" na kipimo cha Widal

Masika yakishika hapa Moshi, dirisha la maabara hujaa karatasi zenye maneno yaleyale: BS, kipimo cha malaria kwa hadubini, na Widal, kipimo cha taifodi. Wengine hawaji hata na karatasi. "Nipime malaria na taifodi tu, mwili wangu naujua." Wiki hii mama mmoja wa Pasua kanionyesha majibu ya kijana wake, yaliyopimwa kwingine. Masika yaliyopita taifodi, vuli taifodi, sasa taifodi tena, na kila mara sipro, ile antibayotiki, ya siku tano. Akaniambia kwa uhakika kabisa, "Mwanangu, hii ya kwake iko kwenye damu. Haiishi, inatulia tu."

Nimelisikia hilo mara nyingi mno, na safari hii naandika. Taifodi inatibika ikaisha. Ukiambiwa unayo kila msimu wa mvua, kabla ya kuamini kwamba damu yako ina kitu kisichotoka, kitilie shaka kipimo.

Kwenye maabara nyingi za mtaani Widal hufanyika juu ya kigae cheupe. Unaweka tone la seramu, yaani maji ya damu, na tone la kitendanishi, dawa ya kupimia, unakoroga kwa kijiti, unazungusha kigae kwa dakika moja na kuangalia kama chembechembe zimejitokeza. Muda ni dakika moja tu. Ukikiacha kigae ukaenda kumtoa mtu mwingine damu, ukarudi baadaye, ukingo wa tone umeshakauka na chembechembe utaziona hata kwa mtu asiye na ugonjwa wowote. Siku ya mvua, foleni imefika mlangoni na mhudumu yuko peke yake, hilo linatokea kwa urahisi sana.

Lakini tuseme kimefanyika kwa usahihi. Widal haitafuti bakteria wa taifodi. Inatafuta kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na vijidudu, na kingamwili ni kama kovu: linaonyesha uliwahi kuumia, halisemi uliumia lini. Aliyeugua taifodi zamani anaweza kuonekana anayo leo. Aliyepata jamaa wengine wa Salmonela, hata wasiosababisha taifodi, anaweza kuonekana hivyohivyo. Malaria yenyewe inaweza kukidanganya kipimo hiki. Halafu watu wanasoma ile 1:160 inayoandikwa kwenye majibu kama kiwango cha ugonjwa: "Nina taifodi ya mia na sitini, mwenzangu ana themanini." Namba hiyo inaonyesha seramu imezimuliwa mara ngapi ikaendelea kuganda na kitendanishi. Haikuambii una bakteria wangapi wala unaumwa kiasi gani.

Na hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. Kwa mtu anayeugua taifodi kwa mara ya kwanza, kingamwili huanza kuonekana mwishoni mwa wiki ya kwanza ya homa, nyingine wiki ya pili. Sasa mtu ana homa ya tangu jana usiku, Widal inasoma chanya, anaandikiwa sindano. Kingamwili hizo zimetoka wapi kwa usiku mmoja? Ukitaka Widal ikuambie kitu cha maana, unapima leo, unapima tena baada ya siku 10 hadi 14, na unaangalia kama namba imepanda mara nne. Ni nani anarudi? Karibu hakuna, maana ameshapewa dawa na homa imeshuka, au amehamia kituo kingine.

Kipimo cha kuaminika ni kuotesha damu, yaani kuiweka maabara ili bakteria waliomo wakue na waonekane. Nacho tusikisifie kupita kiasi: kinachukua siku kadhaa, hakipo kwenye vituo vidogo, na karibu nusu ya wenye taifodi ya kweli kinaweza kuwakosa. Ukiwa umeshameza vidonge viwili vitatu kutoka duka la dawa, nafasi ya kumwotesha bakteria inapungua zaidi. Kwa hiyo sisemi tuna jibu safi la kuweka mahali pa Widal. Nikimwambia mgonjwa kwamba hapa sina kipimo cha homa yake, anavuka barabara na kupimwa Widal upande wa pili. Kumkatalia kunamsaidia yeye, au kunanisafisha mimi tu? Swali hilo sijalimaliza.

Malaria nitaipitia haraka. Pima kabla ya kumeza dawa ya mseto. Ukishatibiwa, usirudie kipimo cha haraka wiki inayofuata ukalia kwamba dawa imeshindwa, maana kinachopimwa ni protini ya mdudu inayobaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya mdudu kufa. Hapo inatakiwa hadubini.

Sasa kama siyo malaria wala taifodi, ni nini? Mwaka 2007 hadi 2008 watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870, watoto na watu wazima, waliolazwa kwa homa kwenye hospitali za KCMC na Mawenzi hapa Moshi. Zaidi ya 6 katika kila 10 waliandikiwa malaria. Waliokuwa nayo kweli ni watu 14 tu kati ya wote 870. Taifodi ilikuwepo, siikatai. Lakini miongoni mwa waliopimwa magonjwa ya bakteria yanayotoka kwa wanyama, zaidi ya robo walikutwa nayo: leptospira, brusela, homa ya Q na homa zinazoletwa na kupe. Chikungunya ilikutwa kwa karibu 8 katika kila 100 waliopimwa. Na hakuna hata mmoja kati ya hao ambaye ugonjwa wake ulikuwa umetajwa kwenye orodha ya yanayohisiwa siku alipolazwa.

Chukua brusela, inayoweza kuambukizwa kwa maziwa mabichi. Tiba yake ni dawa mbili kwa pamoja, kwa kawaida wiki sita. Ukimpa mgonjwa sipro ya siku tano homa inashuka, jasho la usiku linapungua, anarudi kazini. Baada ya muda homa inarudi, na maumivu ya viungo na mgongo. Anapimwa Widal, anaambiwa taifodi imeamka. Sisemi kijana wa Pasua ana brusela, hilo litaamuliwa na vipimo vyake. Ila nilipomuuliza mama kama wanakunywa maziwa mabichi, alijibu kwamba hapana, wanakunywa mtindi. Na mtindi unatengenezwaje? Kwa maziwa mabichi.

Ndiyo maana nashikilia jina la ugonjwa. Mtu akiitwa mgonjwa wa taifodi anachemsha maji na kunawa mikono, na afanye hivyo, hata kama maji yake yanatoka chemchemi ya mlimani. Lakini maji yaliyochemshwa hayamkingi na maziwa. Hayamkingi na mkojo wa panya kwenye maji ya mashamba ya mpunga ya Mabogini na Chekereni, yanayoingia kupitia mikwaruzo ya miguu. Leptospira, inayoletwa na mkojo huo, ndiyo ile homa ya mgunda iliyotangazwa Ruangwa, Lindi, mwaka 2022, na kuua watu, si jambo la kubuni. Vaa buti shambani, funika kidonda, na kwenye maji ya mafuriko usiwaache watoto wachezee. Kule vihambani, kwenye mashamba ya nyumbani, mbuzi au ng'ombe akizaa bandani usishike kondo kwa mikono mitupu, homa ya Q hupatikana hapo. Maziwa yachemke, hata ya kugandisha mtindi. Mwaga maji kwenye matairi na madumu kila wiki, kwa sababu mbu wa chikungunya anauma mchana wakati chandarua kimekunjwa.

Na ukija na homa, njoo kabla hujanunua dawa. Kabla ya kutaja kipimo unachotaka, mwambie tabibu homa ilianza siku gani, unafuga nini, maziwa unakunywaje, na kama wiki mbili tatu zilizopita uliingia kwenye maji yaliyotuama. Kama umeshameza kitu, lete na pakiti yake.