Kwa nini wachongaji wa takataka za pwani hupenda ndara?

Ufukwe wa Kiwayu, Lamu, hutupwa kila aina ya plastiki: chupa, vizibo, kamba za nyavu, madumu. Lakini ukiingia karakana ya Ocean Sole jijini Nairobi, twiga, kasa na vifaru unaowakuta wamechongwa hasa kwa kitu kimoja: ndara, au kandambili kama wengine wanavyoziita. Kwa nini hizo?

Siri iko kwenye soli. Ndara nyingi hutengenezwa kwa povu la plastiki liitwalo EVA, lenye viputo vya hewa vilivyojifunga kila kimoja peke yake. Maji hayapenyi, hivyo hazizami. Nyingine husombwa na mvua kutoka mitaroni, kisha upepo wa kusi ukazisukuma kaskazini. Nyingine huvuka Bahari ya Hindi nzima. Aldabra, kisiwa cha Shelisheli kisicho na wakazi ila kambi ndogo ya watafiti, kilikadiriwa mwaka 2020 kuwa na ndara zipatazo 360,000. Ni wazi hazikuvuliwa pale.

Povu hilohilo ndilo linalomfaa mchongaji. Halina nyuzi wala halipasuki kama mti. Na jua hupausha ngozi ya juu tu. Ukikata, rangi ya ndani bado inawaka.

Sababu ya tatu ni ya kibiashara. Chupa ina mnunuzi: hupimwa kwa kilo, husagwa, huyeyushwa. EVA ikishaumuliwa kiwandani haiyeyuki tena vizuri, na gunia zima la ndara halina uzito wa maana. Kwa hiyo waokotaji huziacha. Waliozithamini mwanzo ni watoto wa Kiwayu, waliojichongea vya kuchezea. Mhifadhi wa bahari Julie Church aliwaona mwishoni mwa miaka ya 1990, na kazi ikaanzia hapo.

Karakanani ndara huoshwa kwa sabuni, huanikwa, kisha hugandishwa kwa gundi tabaka juu ya tabaka mpaka lipatikane gogo. Fundi, pengine aliyekuwa mchonga miti, hulimenya kwa kisu kikali na kumalizia kwa msasa. Mistari ya buluu, njano na nyekundu inayozunguka shingo ya twiga haikupakwa na mtu. Ni tabaka zilizokatwa mshazari. Vumbi la msasa nalo ni plastiki, kwa hiyo lisipozolewa vizuri litarudi kulekule baharini.

Je, povu hili laweza kubeba mzigo? Hapana, na mafundi wa Lamu walilijua hilo. Jahazi la Flipflopi, lililoundwa chini ya fundi Ali Skanda, likashushwa majini mwaka 2018 na kusafiri hadi Zanzibar mwaka uliofuata, lilitumia tani 10 hivi za taka. Mkuku (uti wa chini wa chombo), mataruma (mbavu) na mbao zake ni plastiki ngumu iliyoyeyushwa. Ndara, kama 30,000, zilibandikwa nje kuwa pambo.