Polariti ya kloki ya pikseli: huo ukingo ni wa nani?

Wadau wa skrini, kuna ishu inatujia sana pale maabara. Mtu ana paneli ya inchi 7, 800 kwa 480, nyaya zote 24 za rangi kafunga vizuri, picha inatoka ila maandishi yana chenga chenga pembeni, basi anasema paneli mbovu na anataka kununua ingine. Subiri kwanza, mara nyingi paneli ni nzima kabisa, polariti ya kloki ndo imegeuzwa. Kloki ni waya wa mapigo ya kupanda na kushuka yanayopanga muda wa kila pikseli, na polariti ni kuchagua ukingo upi utumike, wa kupanda au wa kushuka.

Iko hivi. Ukijumlisha na zile nafasi tupu zisizoonekana, mstari mmoja unafika pikseli 1056 na mistari inakua 525, zidisha kwa 60 kila sekunde unapata kama megahezi 33, yaani pikseli moja ina nanosekunde 30 tu. Ndani ya hizo 30 kloki inapanda na kushuka, chipu inayotuma picha inabadilisha data kwenye ukingo mmoja, paneli inasoma kwenye ule mwingine data ikiwa imeshatulia. Kama mnavyopokezana karai za zege saiti, ukilidaka wakati mwenzio bado analizungusha linakumwagikia.

Sasa watu wanapopotea ni hapa. Datashiti ya paneli (karatasi ya maelezo ya mtengenezaji) inakwambia paneli INASOMA lini, ila draiva nyingi (programu zinazoendesha skrini) zinauliza chipu INATUMA lini, na hivi viwili vinapishana! Datashiti ikisema paneli inasoma kloki ikishuka, kwenye faili la dts la Linux (lile la kuelezea vifaa vya bodi) unaweka pixelclk-active = <1>, maana 1 ni kutuma kloki ikipanda. Inasoma ikipanda? Weka 0. Hata kwenye kerneli yenyewe, yaani kiini cha Linux, flagi ya hii seti ilikua inaitwa POSEDGE (ukingo wa kupanda) tu bila kusema ya nani, baadae ndo yakaja majina ya DRIVE (kutuma) na SAMPLE (kusoma), na kwa kweli walichelewa. Wa chipu ya ESP32-S3 nyie mna seti ya pclk_active_neg, hiyo nayo inaongelea kutuma.

Alafu msipime kwa kujaza skrini nyekundu tupu. Nyekundu tupu itatoka safi hata ukiwa umekosea, kwa sababu data haibadiliki pikseli hadi pikseli, kwahiyo paneli ikisoma muda mbaya bado inakuta kitu kilekile. Weka mistari myembamba ya pikseli moja moja, nyeusi nyeupe nyeusi nyeupe, hapo hata kosa dogo linajianika lenyewe.

Polariti ya hsync na vsync (ishara za kuanza mstari mpya na picha mpya) ni habari nyingine, msizichanganye. Wa HDMI na MIPI DSI, yaani njia nyingine za kupeleka picha, haiwahusu, labda uwe na chipu ya kubadilisha katikati inayopokea RGB, zile nyaya za rangi.

Na kama asubuhi imekubali alafu mchana bodi ikipata moto chenga zinarudi, usikimbilie kupunguza megahezi, fungua tena datashiti kwenye ule mchoro wa mawimbi uangalie mshale umechorwa ukingo upi.