Je, wajua kamera ya uwanjani huwahesabuje mashabiki waliosongamana?

Jaribu kuhesabu watu langoni nusu saa kabla ya mechi kubwa. Vichwa vinafichana, wa nyuma wanaonekana kama punje za ulezi, na kabla hujafika mia umeshasahau ulipoanzia. Programu za mwanzo nazo zilikwama hapohapo: zilimtafuta mtu mwili mzima, na penye msongamano mwili mzima hauonekani.

Ujanja uliofaulu ni kuacha kumtafuta mtu. Kwanza binadamu hukaa na picha, akaweka nukta juu ya kila kichwa. Ni kazi ya kuchosha: mkusanyo mmoja maarufu wa mwaka 2016, ShanghaiTech, una picha 1,198 na vichwa vipatavyo 330,000. Kisha kila nukta hutandazwa kama tone la wino kwenye karatasi, ila jumla ya wino wake hubaki 1. Kompyuta hujifunza kukisia wino uliopo kila mahali pichani. Ukijumlisha wote, umepata idadi ya watu. Ndiyo maana jibu laweza kuwa watu 412.6, na mtambo haujakosea.

Faida kubwa ni kwamba unajua pia wamejazana wapi. Katika uwanja wa soka wa Hillsborough, Uingereza, mwaka 1989, mashabiki 97 walipoteza maisha kwa kubanwa katika vizimba vya katikati ya jukwaa, ilhali vya pembeni vilikuwa na nafasi. Jumla ya watu uwanjani isingekuonyesha hatari hiyo. Wakifika watano au sita katika mita moja ya mraba, mtu hajiendeshi tena. Msukumo hupita miilini kama wimbi.

Foleni ni hesabu nyepesi zaidi. Wapo 300, geti linapitisha 20 kwa dakika: wa mwisho atasubiri dakika 15.

Wala sura ya mtu haihitajiki. Ufaransa, katika sheria ya Mei 2023 iliyoruhusu majaribio ya kamera hizi kuelekea Olimpiki ya Paris, ilipiga marufuku utambuzi wa sura.

Mtambo una udhaifu wake, kwani hujua tu ilichofundishwa kompyuta yake. Uliozoea picha za mchana hubabaika usiku. Na mvua ikianza kunyesha, miavuli ikafunguliwa, vichwa vyote vinatoweka kwa mpigo mmoja.