Kalori kwenye menyu: hoteli za Mombasa ziandike au zisiandike?

Kuna nchi ambako ukifungua menyu ya hoteli kubwa unakuta kila chakula kina tarakimu mbili pembeni: bei na kalori. Wapo wanaotaka utaratibu huo uje na huku kwetu, hasa wakati huu ambapo kisukari na presha ni mazungumzo ya kila baraza. Haya ndiyo maswali yanayoulizwa zaidi.

Kalori ni kitu gani hasa?

Ni kipimo cha nguvu ambazo mwili unazipata kwenye chakula. Gramu moja ya wanga hutoa kalori 4, gramu moja ya protini vilevile 4, na gramu moja ya mafuta hutoa 9. Shikilia hiyo 9, maana mapishi ya pwani yanaielemea sana. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori kama 120. Kijiko cha chai cha sukari kina kama 16. Gramu 100 za viazi vya kuchemsha zina kalori zipatazo 87, lakini gramu 100 za chipsi zinaweza kufika 300, kwa kuwa kiazi kikiingia karaini hutoa maji na kunywa mafuta.

Mtu anahitaji kalori ngapi kwa siku?

Menyu za Marekani na England hubeba maelezo mafupi kwamba mtu mzima anahitaji takriban 2,000. Huo ni wastani tu wa kukisia. Hamali anayesukuma mkokoteni wa magunia kutoka Kongowea juani anahitaji nyingi zaidi ya hizo. Bibi aliyestaafu, anayetoka nyumbani hadi msikitini au kanisani na kurudi, anahitaji chache.

Ni nani walioanza kuandika?

Jiji la New York lilianza mwaka 2008. Jimbo la Ontario, Kanada, likafuata 2017. Marekani yote ikaingia tarehe 7 Mei 2018, kwa migahawa yenye matawi 20 au zaidi. Saudia walianza 2019, ndiyo maana baadhi ya wanaorudi kutoka Jeddah huuliza mbona huku hakuna. England sheria ilianza tarehe 6 Aprili 2022 kwa biashara zenye wafanyakazi 250 au zaidi. Kenya haina sheria inayoilazimisha hoteli kuandika kalori.

Angalia jambo moja: Marekani na England ziliwabana wakubwa. Mwenye duka dogo la samaki na chipsi kule London hakuguswa, na sababu yake tutaiona mbele.

Je, kweli watu hula kidogo wakiziona?

Kidogo sana. Mwaka 2025 taasisi ya Cochrane, inayokusanya na kupima tafiti za afya, ilitoa mapitio ya tafiti 25 kuhusu suala hili. Ilikuta kwamba kuandika kalori kunapunguza kiasi ambacho watu wanachagua kwa asilimia 1.8. Kwa mlo wa kalori 600 hizo ni kalori 11, yaani hazifiki hata kijiko kimoja cha chai cha sukari. Watetezi husema kwamba kidogo hicho kikirudiwa kila siku na mamilioni ya watu kitakuwa kingi, na hoja hiyo si ya kupuuzwa. Lakini utafiti uliofanywa England kabla na baada ya sheria yao haukukuta watu wakinunua kalori pungufu.

Kilichovutia zaidi ni upande wa jikoni. Huko Marekani, vyakula vipya vilivyoingizwa kwenye menyu baada ya kanuni kuanza vilikuwa na kalori chache kuliko vyakula vipya vya miaka ya nyuma, ingawa vile vya zamani vilibaki kama vilivyokuwa. Mpishi anapojua kwamba atalazimika kuitangaza tarakimu, huanza kuifikiria anapobuni chakula. Kwa maoni yangu, faida kubwa ya sheria hizi ni hii ya kumshtua mwenye jiko kuliko ile ya kumshtua mlaji.

Kwa nini mlaji hashtuki?

Mtu anayeingia hotelini na njaa ya saa nane mchana hana nafasi ya kufanya hesabu. Anatazama bei, anasikia harufu, anaagiza. Na si kila mtu anataka kalori chache. Hamali wa mkokoteni mwenye shilingi mia na hamsini mfukoni akiambiwa sahani hii ina 500 na ile ina 900, na bei ni moja, atachukua ya 900, na atakuwa amefanya busara. Tarakimu iliyokusudiwa kumwonya mmoja inamwita mwengine.

Halafu kuna sinia. Pilau ya arusi inaliwa na watu wanne au watano kwa pamoja, mmoja anamega upande wa nyama, mwengine anaridhika na kachumbari na ndizi. Nani kala ngapi?

Vyakula vyetu vinaweza kuhesabiwa kalori?

Vinaweza. Serikali ya Kenya na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, walitoa mwaka 2018 majedwali ya virutubisho vya vyakula vya Kenya, kwa hivyo pa kuanzia papo. Tujaribu staftahi ya kawaida ya Mombasa: mahamri mawili, bakuli la mbaazi za nazi na kikombe cha chai ya maziwa.

Hamri kubwa lina unga gramu 50 hivi, ambao ni kalori 180. Sukari ya kwenye donge tuseme gramu 5, kalori 20. Mafuta lililonywa karaini gramu 8, kalori 70 na ushei. Jumla 270, na mawili ni 540. Mbaazi zilizopikwa gramu 150 ni kama 180. Robo kikombe ya tui zito inaongeza kama 130. Chai yenye maziwa na vijiko viwili vya sukari, weka 90. Umefika 940, karibu nusu ya ile 2,000, na jua la Mji wa Kale bado halijapanda.

Sasa badilisha kidogo. Mpishi mwengine anatumia tui la pili, jepesi. Mwengine anakata mahamri madogo. Mwengine hakungoja mafuta yapate moto vizuri, na donge likalala humo likinywa. Chakula ni hichohicho kwa jina, lakini tofauti yaweza kuwa kalori 300. Mgahawa wenye matawi mengi hupokea unga uliopimwa, mafuta yaliyopimwa na saa inayolia chakula kikiiva, ndiyo maana sheria za wenzetu ziliwashika hao. Jiko la mama anayepima chumvi kwa ncha za vidole halina tarakimu moja ya kuandika, na akiandika atakuwa anabuni.

Je, chakula chenye kalori chache ndicho bora?

Hapa ndipo ninapogombana na wanaozipigia debe kalori peke yake. Chupa ya soda ya mililita 300 ina kalori kama 130. Bakuli letu la mbaazi lina 310. Ukiwa na tarakimu tu, utaamini soda ni salama kuliko mbaazi. Lakini soda hiyo ni vijiko vinane vya sukari na maji, basi. Mbaazi zina protini, nyuzinyuzi na madini ya chuma, na zitakushika tumbo mpaka adhuhuri. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu za siku, ambayo kwa mtu wa kalori 2,000 ni gramu 50, vijiko kumi na viwili hivi. Soda moja imekula theluthi mbili.

Nina presha. Kalori zitanisaidia kuchagua?

Si kwa presha yenyewe, isipokuwa kama unatakiwa pia kupunguza uzito. Unachohitaji kujua ni chumvi, na kalori haisemi lolote kuhusu chumvi. Achari, supu ya mchana, nyama ya mshikaki iliyolazwa kwenye viungo: vyote vinaweza kuwa na kalori za kawaida na chumvi ya kutisha. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai cha kusawazishwa, pamoja na ile iliyokwisha kuwamo chakulani.

New York waliliona pengo hili. Tangu 2015 migahawa yao yenye matawi huweka alama ya kichupa cha chumvi ndani ya pembetatu kwa chakula chochote chenye miligramu 2,300 au zaidi za sodiamu, ile iliyomo ndani ya chumvi, kiasi cha siku nzima. Alama hiyo haihitaji mtu ajue hesabu, hata mtoto anaielewa. Kama ningepewa kuchagua kimoja cha kuleta Mombasa, ningeleta hicho kabla ya kalori. Uchunguzi wa kitaifa wa 2015 uliwakuta karibu robo ya watu wazima nchini na presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja.

Na unene wenyewe je, si tatizo?

Ni tatizo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha takriban asilimia 45 ya wanawake wa miaka 20 hadi 49 wana uzito uliozidi, wakati kwa wanaume ni kama 19. Ila sehemu kubwa ya chakula tunachokula bado inapikwa nyumbani, na hakuna sheria ya menyu itakayofika kwenye sufuria ya nyumbani au kwenye futari ya Ramadhani yenye sambusa, kaimati na viazi vya nazi kwa mpigo.

Binti yangu ana miaka kumi na tano na ameanza kuhesabu kila anachokula. Menyu kama hizi hazitamzidishia?

Zaweza, mama, na hofu yako ina msingi. Wakati England inaandaa sheria yake, mashirika yanayowasaidia wenye matatizo ya ulaji yaliipinga kwa sababu hiyohiyo, na ndiyo maana sheria inaruhusu mteja kuomba menyu isiyo na kalori. Binti anayeruka milo, anayekula kwa kujificha, anayejitapisha au ambaye hedhi yake imekatika, mpeleke akaonwe na daktari bila kungoja. Usianze kwa kumkemea, wala usimsifu kwa kupungua.

Nauza viazi karai na bhajia karibu na feri ya Likoni. Nitalazimishwa kuandika?

Hapana. Kwa Katiba ya 2010, utoaji leseni kwa wauzaji wa chakula ni kazi ya kaunti, na ukaguzi unaokuhusu ni wa usafi, maji na cheti cha afya cha anayeshika chakula. Ukitaka kuwafaa wateja wako, mafuta yasipikiwe mara nyingi mpaka yakawa meusi, yapate moto sawasawa kabla ya kutia viazi, na ukiviopoa vining'inie kwenye chujio vichuruzike badala ya kulala kwenye dimbwi la mafuta. Ukwaju weka pembeni, kila mtu ajitilie.

Kahawa chungu ya jioni?

Karibu sifuri. Hesabu kashata.

Basi jibu ni lipi, ziandikwe au zisiandikwe?

Kwa migahawa yenye matawi mengi, kama ile ya kuku na pizza kule Nyali na katikati ya mji, ziandikwe. Tayari wana vipimo, na gharama yake ni wino tu. Kwa hoteli za kawaida, kuwalazimisha ni kuwafundisha uongo. Hao ningewataka mambo mawili: sahani ya hafu yenye bei ya hafu kwa kila chakula, wali na biriani pia, na jagi la maji safi mezani kabla mteja hajaulizwa soda gani.

Nina hoteli ndogo na nataka kuanza bila kungoja sheria. Nianzie wapi?

Kwenye mtungi wa mafuta. Mtungi wa lita 20 una kalori kama 165,000. Andika tarehe ulipoufungua, hesabu sahani ulizouza mpaka ukaisha, ondoa mafuta uliyoyamwaga, kisha gawanya. Kama uliuza sahani 1,000 na hukumwaga chochote, kila mteja amekula kalori 165 za mafuta yaliyotoka mkononi mwako, mbali na yale ya nyama na nazi. Mwezi ujao mpe mpishi kijiko cha kupimia, afanye kazi nacho mtungi mzima, halafu rudia hesabu. Na mafuta si bure, kwa hivyo hata kama suala la afya halikukeri, daftari litakukera.