Probesheni ikihamishiwa jimbo jingine: ukivunja masharti, nani ana kauli?

Watu wetu Marekani huhama sana. Mtu yuko Houston, Texas; anasikia kiwanda cha nyama huko Iowa kinaajiri na binamu ana chumba kitupu, mwezi ujao keshafungasha. Aliye kwenye probesheni, yaani adhabu ya kutumikia nje ya jela kwa masharti chini ya afisa, akihamishiwa usimamizi kwa utaratibu, mara nyingi hudhani afisa mpya wa Iowa ndiye mkubwa sasa na Texas imeshamsahau.

Haijamsahau. Majimbo yote 50 yamo katika mkataba mmoja wa kusimamia walio kwenye probesheni na parole (walioachiwa gerezani kabla ya muda kwa masharti). Iowa inakushikia tu. Kesi na uwezo wa kukufunga vimebaki kwa mahakama ya Texas. Ukikosa miadi mara moja, kwa kawaida yanaisha hukohuko kwa onyo au kuripoti mara nyingi zaidi. Kosa likiwa zito, au ukirudiarudia, Iowa hupeleka ripoti Texas ndani ya siku 30 tangu ilipogundua, na Texas ina siku 10 za kazi za kujibu itachukua hatua gani.

Texas ikiamua urudishwe, nawe umeshikiliwa ukisubiri safari, hapo ndipo familia hupigwa na butwaa. Ndugu wanachangishana dhamana, kanisa linapitisha kapu, kisha wanaambiwa pesa hazitakiwi: kanuni za mkataba haziruhusu dhamana kwa anayesubiri kurudishwa. Tena, ulipoomba kuhama ulisaini kwamba hutapinga kurudishwa. Wengi hawakumbuki karatasi hiyo.

Kilichobaki mkononi mwako ni kikao kifupi kinachofanyika karibu na mahali unapodaiwa kukosea, kabla hujasafirishwa, kuangalia kama kuna sababu za kutosha kuamini kwamba ulivunja masharti. Msingi wake ni hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya mwaka 1973, Gagnon v. Scarpelli. Una haki ya kupewa tuhuma kwa maandishi, kuonyeshwa ushahidi, kuleta mashahidi wako na, isipokuwa pakiwa na hatari kwao, kuwahoji wanaokushtaki. Ukishatiwa hatiani Iowa kwa kosa jipya la jinai, hukumu hiyo inatosha, kikao hakihitajiki.

Utaletewa fomu ya kuacha kikao hicho, pengine kwa sauti ya upole: saini, mambo yaende haraka. Nasema bila kupindapinda: usisaini kabla ya kuongea na wakili, kwa kuwa fomu hiyo huambatana na kukiri kosa moja au zaidi. Kwa asiye raia, kukiri huko kunaweza kugusa hata makaratasi yake ya uhamiaji. Huna pesa ya wakili? Omba upewe, ingawa katika hatua hii si kila mtu hupewa.

Omba na mkalimani, na utaje unakotoka. Mtu wa Uvira akiunganishwa kwa simu na mkalimani wa Unguja, wote wanaongea Kiswahili, lakini nusu ya maneno huenda yakapotea njiani.

Jingine: asiye raia hutakiwa kuwaarifu watu wa uhamiaji anwani mpya ndani ya siku 10. Kufanya hivyo si kumwarifu afisa wa probesheni. Hizo ni ofisi mbili tofauti, na sharti la probesheni kwa kawaida hutaka ruhusa kabla ya kuhama.

Na kama tuhuma ni kutolipa faini, mahakama haiwezi kukufunga kabla ya kuchunguza kama kweli ulikuwa na uwezo. Hilo liliamuliwa mwaka 1983 katika Bearden v. Georgia. Nenda na karatasi za mshahara, risiti za kodi ya nyumba, na barua ya kiwanda kama ulipunguziwa saa za kazi.